Uzoefu wangu na kozi ya gambiti za Mweusi: si zote zinasimama

Nilinunua kozi hii ya video ya sataranji kwa sababu nilikuwa nimechoka kucheza kete nyeusi kwa kujihami tu, na tangazo lake liliahidi gambiti nne (mianzo ya mchezo ambamo mtu humtoa askari kwa makusudi ili apate nafasi bora) ambazo Mweupe hazitarajii: Englund, Stafford, Budapest na Benko. Nimeitazama yote, nikazicheza gambiti hizo kwa miezi minne, katika michezo ya dakika chache na ile mirefu, kisha nikazipima kwa injini, yaani programu ya kompyuta inayochambua mchezo.

Somo la Englund limejengwa juu ya mtego mmoja. Baada ya 1.d4 e5 2.dxe5 (herufi ndogo na namba hutaja mraba, x ni kula, N ni farasi na B ni askofu), farasi mweusi huenda c6, mweupe f3, na malkia mweusi huenda e7. Mweupe akimlinda askari wake kwa askofu wa f4, malkia humtishia mfalme kutoka b4, na askofu akirudi d2, malkia hula b2. Hapo Mweupe akimpeleka askofu c3, askofu mweusi huingia b4, na Mweupe hupoteza ngome au hupigwa mati (mfalme hukosa pa kukimbilia na mchezo huisha) kwenye c1. Nilipofanikiwa mara ya kwanza nilifurahi mno. Lakini Mweupe akileta farasi c3 badala ya askofu, malkia mweusi hubaki peke yake ndani ya eneo la adui, kete nyingi za Mweusi zikiwa bado nyumbani, na jibu hilo, ambalo ndilo linaloamua uhalali wa gambiti nzima, limepewa chini ya dakika moja.

Stafford ina kasoro ileile: mitego yake ni mikali sana, lakini mpinzani anayecheza d3 na kumweka askofu e2 kwa utulivu hubaki na askari wa ziada bila hatari kubwa. Katika mchezo wa dakika tatu bado naicheza. Katika mchezo mrefu nimeiacha.

Budapest ni jambo jingine, kwa kuwa baada ya 1.d4 Nf6 2.c4 e5 3.dxe5 Ng4 Mweusi kwa kawaida hufidia askari aliyemtoa kwa kula askari wa mpinzani, na hata Mweupe akicheza vizuri, anachobaki nacho ni nafuu ndogo.

Sehemu ya Benko ndiyo iliyonifanya nisijutie fedha zangu. Mweusi anamtoa askari wa upande wa malkia, na baada ya 1.d4 Nf6 2.c4 c5 3.d5 b5 4.cxb5 a6 5.bxa6 Bxa6 anapata safu za a na b zikiwa wazi kwa ngome zake, huku askofu wa g7 akitazama mshazari mrefu. Mweupe akisukuma e4, maaskofu hubadilishana kwenye f1 na mfalme wake hupoteza haki ya kubadilishana nafasi na ngome. Mwalimu anaeleza kwa subira kwamba shinikizo hili halikomi hata malkia wakiondoka ubaoni, tena mara nyingi Mweusi hufaidika na mabadilishano hayo. Nimeliona hilo katika michezo yangu mwenyewe: nilimaliza hatua ishirini nikiwa na upungufu wa askari, lakini mpinzani ndiye aliyekuwa akitafuta pa kupumulia.

Kinachonisikitisha ni kwamba kozi inaziweka zote nne katika daraja moja, kana kwamba kumtoa askari kwa ajili ya safu wazi ni sawa na kumtoa kwa matumaini kwamba mpinzani atakosea. Anayetaka kuinunua aanze na video za Benko, kisha Budapest. Za Englund azitazame akiwa upande wa Mweupe.