Sailensa ya Impreza yenye tabo: huduma niliyoipata kwa fundi wa Magomeni, Mtwara

Ninaandika haya kwa ajili ya wenye Subaru za tabo (turbo, kifaa kinachosukuma hewa kwa nguvu ndani ya injini) za mwanzoni mwa miaka ya 2000, hasa tulio huku Mtwara na Lindi, ambao tumezoea kuambiwa kwamba gari la tabo likisumbua sailensa, yaani mzunguko wa injini usipokanyaga mafuta, dawa yake iko Dar es Salaam. Langu limetengenezwa Magomeni, hapa hapa Mtwara mjini, na kwa utaratibu ambao sijauona kwa fundi mwingine. Fundi mwenyewe hajaniomba nimtangaze, kwa hiyo jina lake naliacha na kusimulia kazi aliyoifanya.

Gari ni Impreza WRX ya 2001, iliyotoka Japani, gia za mkono. Injini ni EJ205, cc 1994, silinda nne zilizolala, mbili kila upande, na throto (mlango wa hewa ya injini) inavutwa kwa kebo ya ekseleta. Nataja kebo mapema kwa sababu mengi ya hapa chini yanahusu throto za kebo. Zile za umeme zina mambo yake, na mtu asizisukume kwa kidole swichi ikiwa imewashwa.

Tatizo lilikuwa hivi. Asubuhi linawaka vizuri kabisa. Likishapata moto, sailensa inaanza kupanda na kushuka: mshale wa mizunguko ya injini kwa dakika unafika 1500, unadondoka hadi 600, unapanda tena, wakati mguu wangu haugusi ekseleta. Nikiwasha AC, mtetemo unafika mpaka kwenye usukani. Baya zaidi ni nikitoka kwenye mwendo na kuachia mafuta ghafla: linazima. Mara moja lilinizimikia nikiingia makutano ya Mnazi Mmoja, pale njia za Lindi, Masasi na Mtwara zinapokutana, na nyuma yangu kuna lori la saruji. Injini ikizima usukani unakuwa mzito na breki inakuwa ngumu baada ya kuikanyaga mara mbili tatu tu. Tangu siku hiyo sikuwa tayari tena kusikia kwamba hilo ni jambo la kawaida kwa magari ya tabo.

Gereji ya kwanza niliyolipeleka walichukua bisibisi, wakafungua skrubu ndogo ya throto, wakapandisha sailensa mpaka 1300, wakasema tayari. Ni kweli halikuzima tena, ila lilikuwa linaunguruma hata limesimama, mafuta yakaanza kwisha kwa kasi, na likiachiwa kwenye mteremko lilikuwa linakwenda lenyewe. Nililipia kazi hiyo, na ninasema wazi kwamba haikuwa matengenezo. Ilificha ugonjwa tu.

Ndipo jirani yangu anayefanya biashara ya korosho akanielekeza Magomeni. Nilifika mchana, gari likiwa la moto, nikamwamkia mzee, akaitika, akasikiliza maelezo yangu yote bila kunikatiza. Nilipomaliza akasema, "Mwanangu, liache hapa lilale. Nataka kulisikia likiwa baridi." Mafundi wengi huanza kufungua ukiwa bado unaongea. Huyu hakugusa spana siku hiyo. Aliinua boneti tu, akainama juu ya throto na tochi, akaniita nione: alama ya rangi ya kiwandani kwenye skrubu ilikuwa imevunjika, na nati yake ya kufungia imechubuka pembe. Akaniambia skrubu ile ikiwekwa kiwandani haikusudiwi kuguswa tena. Sailensa kwenye magari haya inapangwa na kompyuta kwa kutumia vali ndogo iliyokaa kwenye throto, inayopitisha hewa pembeni ya kipepeo (bamba linalofungua na kufunga ndani ya throto) pale kipepeo kinapokuwa kimefunga.

Asubuhi nilikuta ameshaliwasha, na kijana wake ameandika kwenye daftari sailensa ya baridi, ya vuguvugu, ya moto, AC ikiwa imezimwa, AC ikiwa imewashwa, na feni ya rejeta inapoanza. Kisha akaniuliza kama nina kile kidude cha bluutuuthi cha kusomea magari kwa simu. Ninacho, ila hakijawahi kuongea na gari hili. Akasema hakitaongea, kwa sababu magari mengi ya Japani ya miaka ile hayakufuata lugha moja inayotumika sasa, na Subaru walikuwa na yao wenyewe. Yeye anatumia kompyuta mpakato ya zamani, kebo ya bei nafuu na programu ya bure iitwayo FreeSSM. Akanionyesha mstari mmoja tu, wa masahihisho ya mafuta. Kwenye sailensa kompyuta ilikuwa inaongeza mafuta kwa karibu asilimia 20. Akaagiza kijana akanyage mafuta mpaka mzunguko wa 2500 na kuushikilia hapo, na namba ikashuka hadi karibu 5.

Maelezo yake hapo ndiyo yaliyonifanya nimwamini. Hewa inayoingia injini inapimwa na sensa ya eafloo, iliyo karibu na boksi la filta. Kompyuta inatoa mafuta kulingana na hewa iliyopimwa. Pakiwa na tundu baada ya sensa, hewa nyingine inaingia bila kuhesabiwa na mchanganyiko unakosa mafuta. Kwenye sailensa injini inavuta hewa kidogo, kwa hiyo hewa ya wizi inakuwa sehemu kubwa ya yote. Ukikanyaga mafuta, hewa halali inaongezeka na ile ya wizi haionekani sana. Namba ikiwa mbaya kwenye sailensa na nzuri juu, tafuta tundu upande wa manifoldi (mabomba yanayogawa hewa kwa silinda). Ingekuwa mbaya kote, angeanza kushuku pampu ya mafuta, nozeli au eafloo yenyewe.

Na ule mchezo wa kupanda na kushuka? Hewa ya wizi inapandisha mzunguko, wakati sensa ya throto inaiambia kompyuta kwamba mguu umetoka kwenye ekseleta. Kompyuta inadhani gari liko kwenye mteremko, inakata mafuta ili kubana matumizi. Mzunguko unadondoka, inarudisha mafuta, unapanda, inakata tena. Nimelipa mafundi kwa miaka na hakuna aliyewahi kunieleza hivi.

Akafunga geji ya vakyumu, ya kupima mvuto wa hewa, kwenye manifoldi. Mtwara tuko usawa wa bahari, na injini ya namna hii ikiwa nzima na imepata moto alitegemea inchi 18 hadi 20 za zebaki, mshale ukiwa umetulia. Yangu ilionyesha 14 na kutikisika. Aliongeza kwamba geji hiyo hiyo ukiipandisha Newala itasoma chini zaidi hata kwa gari zima, kwa sababu kila mita 300 za kupanda unapoteza kama inchi moja, na kuna watu huku wamefunguliwa injini bure kwa kusahau hilo.

Kisha ikaja sehemu ambayo kila mwenye gari la tabo angepaswa kuiona. Ana kopo la chuma la rangi ambalo ndani ameweka oili nyepesi na plagi ya kupashia ya injini ya dizeli, na mpira mmoja unaleta hewa kidogo sana kutoka kwenye kompresa. Plagi ikipata umeme oili inatoa moshi mweupe mzito. Aliziba mdomo wa kuingilia hewa kwa kipande cha glovu na klampu, akaingiza moshi kwenye mfumo, akazima feni ya gereji na kutuambia tusimame kimya. Kwa muda hakukuwa na kitu. Halafu uzi mwembamba wa moshi ukapanda kutoka chini ya manifoldi, upande wa nyuma. Akapitisha kioo kidogo chenye mshikio na tochi mpaka tukauona: mpira wa kupumulia injini, ule unaounganisha vali ya mvuke wa oili na manifoldi, ulikuwa umekakamaa na kupasuka kwa chini, mahali ambapo jicho haliwezi kufika kutoka juu. Alipouvuta, ulimeguka mkononi mwake kama biskuti. Mpira huo wakati wa sailensa unaingiza hewa, na tabo ikijaza shinikizo unaitoa nje, ndiyo maana nilikuwa nasikia mluzi nikikanyaga kwenye kilima na gari halina nguvu.

Hakuishia hapo, na hili lazima nilisisitize, kwa sababu fundi mwingine angebadilisha mpira ule na kunipa ufunguo. Aliyekuwa nalo gari kabla yangu alifunga ile vali ya tabo inayopiga "pshhh" kwa kumwaga hewa nje. Vali ya kiwandani inairudisha hewa kwenye bomba kabla ya tabo, kwa sababu imeshapimwa na eafloo na imeshahesabiwa mafuta yake. Ukiimwaga nje, mafuta yanabaki mengi kuliko hewa, na gari linaelekea kuzima kila unapoachia ekseleta. Zaidi ya hapo, springi ya vali yangu ilikuwa laini. Injini ikiwa kwenye sailensa mzee akashika kipande cha gazeti mbele ya mdomo wa vali, na karatasi ikavutwa taratibu mpaka ikagusa. Ilikuwa wazi wakati ilipaswa kufunga, ikiingiza hewa isiyopimwa wala kuchujwa, na vumbi letu la njia ya Tandahimba ndani yake. Akaitoa, akafunga ya kiwandani iliyotumika. Mlio umekwisha. Vijana wa mtaani wanaulizia. Mimi nimefurahi kuliko nilivyotegemea, kwa sababu gari halinizimikii tena kwenye makutano.

Mengine yalikwenda haraka. Throto na vali ya sailensa zilioshwa kwa kabureta klina. Zilikuwa na masizi yaliyochanganyika na oili. Sensa ya eafloo hakuipulizia dawa hiyo, ina dawa yake maalumu. Soketi yake ilikuwa na ukijani wa chumvi kwenye pini, jambo la kawaida kwa magari yanayolala karibu na bahari, Shangani na Mikindani hasa, ilisafishwa. Plagi zilikuwa na upenyo mkubwa, akazirudisha kwenye milimita 0.7 hadi 0.8, kwa sababu shinikizo la tabo linazima cheche ya plagi iliyo wazi sana.

Mwisho kabisa, baada ya matundu yote kuzibwa, ndipo akagusa ile skrubu. Aliirudisha taratibu huku akisoma volti ya sensa ya throto kwenye kompyuta mpaka ikakaa karibu nusu volti kipepeo kikiwa kimefunga bila kung'ang'ania, akafunga nati na kuipaka alama mpya. Akachomoa betri kwa muda, akairudisha, akawasha gari bila kukanyaga mafuta na kuliacha lijifunze upya mpaka feni imezunguka, kisha akawasha AC. Sailensa ikatulia karibu 750. AC ilipowaka ikashuka kidogo, ikajirekebisha, ikabaki pale. Geji ikasoma 19 na mshale haukucheza. Masahihisho ya mafuta yakawa chini ya asilimia 5 kwenye sailensa na juu pia.

Tangu hapo nimeshakwenda Masasi na Lindi, kwenye joto, AC ikiwaka, na nimesimama kwenye vizuizi vya barabarani bila mguu kuwa tayari kwenye ekseleta. Mafuta yanakaa.

Malipo: ufundi shilingi laki moja na ishirini, mpira na klampu kando, na vali ya kiwandani iliyotumika ilitoka Dar kwa basi. Kwa kazi ya namna ile naona ni haki kabisa. Malalamiko yangu ni mawili. Hakupigii simu kukuambia kazi imefikia wapi, mpaka uende mwenyewe, na kwa mtu wa kazini hilo linachosha. Pia hatoi risiti ya maandishi ya alichobadilisha. Nilipomwomba aliandika kwenye karatasi ya daftari bila kinyongo, kwa hiyo ombeni. Ukienda, peleka jioni na ukubali lilale, na usimwambie uliambiwa nini na mtu mwingine mpaka akuulize.

Kimebaki kitu kimoja. Bomba la mpira linaloingia kwenye tabo, lililopita chini ya manifoldi, limeanza kukakamaa. Moshi haukutoka hapo, ila mzee alinibonyezesha kwa kidole nisikie ugumu wake. Kulibadilisha ni lazima manifoldi itoke, na mipira mingine midogo iliyo chini yake ibadilishwe kwa mkupuo huo huo. Bomba nimeshaliagiza, na likifika gari linarudi Magomeni.