Joistiki (mpini wa kuongozea) ya simuleta ya ndege kwenye kompyuta: T.16000M, baada ya ile ya bei chee kunizingua

Ile ya kwanza niliokota ya bei chee, haikuchukua muda ndege ikawa inavuta kushoto yenyewe, nakaribia kutua Dar mkono nimeuachia kabisa na bado bawa linalala, kumbe potentiometa za ndani, yaani vihisi vinavyosoma mkao wa mpini, zimeshalika kwa kusuguana. Sasa natumia Thrustmaster T.16000M, mbele-nyuma na kushoto-kulia inasoma kwa sumaku, hamna kinachosuguana, ukiachia katikati inatulia tuli. Vitufe 16, na mashoto wenzangu unabadilisha vipande vya mpini unashika freshi. Ila kule kuzungusha mpini kwa usukani wa mkia bado ni potentiometa, hapo wamebana matumizi. Ukienda dukani omba ichomekwe kwenye kompyuta ya Windows, wafungue ukurasa wa kujaribia joistiki, achia mpini, kialama cha kwenye skrini kikichezacheza rudisha boksi.