Pol Roger Brut Vintage 2012: uzoefu wangu

Msiigandishe shampeni hii. Wengi wanapoteza pesa zao hapo: chupa inatoka friza, inamiminwa papo hapo, na ulimi haupati kitu zaidi ya uchachu na mapovu. Mimi huinywa ikiwa kati ya nyuzi 10 na 12. Ndoo ijazwe nusu barafu, nusu maji, dakika 20 hadi 30. Barafu tupu huchelewa kwa sababu haiigusi chupa yote. Friza pia ni hatari, maana shinikizo la ndani linakaribia mara tatu ya tairi la gari.

Zabibu nyeusi aina ya Pinot Noir ni asilimia 60, nyeupe aina ya Chardonnay 40, zote za mavuno ya 2012. Mwaka huo jalidi na mvua ya wakati wa maua zilipunguza zabibu huko Champagne, eneo la Ufaransa zinakolimwa, kisha Agosti ikaleta jua. Zilizobaki ziliiva vizuri na uchachu wake haukupotea.

Pol Roger ni kampuni ya familia iliyoanza 1849, iko Épernay, mji wa huko Champagne. Sheria ya Ufaransa inataka shampeni ya zabibu za mavuno ya mwaka mmoja tu ikae angalau miaka 3 kabla ya kuuzwa. Hii ilikaa takriban 7, ikiwa juu ya mashapo ya chachu. Ladha ya mkate uliookwa na lozi inatoka humo. Mahandaki yao yanashuka hadi mita 33, kuna ubaridi wa nyuzi 9 hivi, chachu inafanya kazi taratibu na viputo vinakuwa vidogo. Chupa bado huzungushwa kwa mikono mpaka mashapo yashuke shingoni, kazi ambayo wengi wameiachia mashine.

Mwanzoni utapata limau na tufaha bichi. Usiikatie tamaa, ikipumua dakika 20 kwenye glasi ya mvinyo mweupe, asali na lozi hujitokeza. Glasi nyembamba ndefu huibana harufu.

Samaki wa kuchoma, sawa. Keki ya harusi, hapana: sukari yake huifanya shampeni kavu, yaani isiyo tamu, ionekane kali kama siki.

Kufungua: legeza waya huku kidole gumba kikikandamiza kizibo, inamisha chupa, kisha zungusha chupa yenyewe, si kizibo.

Bei ni kubwa kuliko ya shampeni ya kawaida, isiyoandikwa mwaka, ya kampuni hiyohiyo, kwa hiyo kwa hafla ya watu wengi ningechukua ya kawaida. Hii inatosha glasi 6. Ikibaki, ifunge kwa kizibo cha kubana na uirudishe friji; kijiko shingoni hakizuii mapovu kutoroka.