Kolibri skulini kwetu: bando halikatwi na watoto wanasoma

Walimu wenzangu mloniuliza kuhusu Kolibri, ile programu ya kusomeshea kwa kompyuta, kama inafaa, nakujibuni hapa nyote kwa pamoja. Mie nasomesha hesabu huku Wete, Pemba, na tumeitumia muhula mzima.

Kwanza ni bure, imetengenezwa na Learning Equality wa Marekani, na wakati wa kusoma haitaki intaneti. Unaipakia kwenye kompyuta moja, unashusha masomo unayoyataka mara moja tu (mie nilikwenda kwa rafiki yangu Chake mwenye waifai nikakesha nayo), halafu unawasha ruta (kile kidude cha kurusha waifai) watoto wanaingia kwa tableti au simu, basi. Video za masomo za Khan Academy zimo, na majaribio ya sayansi ya PhET ya kufanya kwenye skrini yamo, mtoto anaunganisha betri na waya anaona taa inawaka, kwa skuli ambayo maabara yake ni kabati lenye chupa 4 hilo si jambo dogo.

Lakini kilonifanya niandike ni upande wa mwalimu. Unawapa zoezi, kwenye kompyuta yako unaona nani kamaliza, nani kakwama na kakwama swali gani. Darasani nina watoto 60 na kitu, yupo mmoja hukaa nyuma, kimya, daftari lake siku zote tiki tupu nami nikijua anaelewa. Kumbe akiangalia kwa mwenzake! Siku ya somo la sehemu (nusu, theluthi, robo) nikaona kajaribu nusu kujumlisha theluthi mara 6, anajumlisha juu kwa juu chini kwa chini anapata mbili ya tano. Nikamfata, tukakunja karatasi vipande 6, nusu ni 3, theluthi ni 2, akahesabu mwenyewe akapata tano ya sita akacheka. Mwaka mzima sikumuona mtoto yule, inaniuma mpaka leo.

Ruta chagueni vizuri, mie nilinunua duka moja hapa mjini nikaambiwa inabeba watu 40, wakifika 15 inakata. Umeme nao ukizima darasa limekwisha, ingawa tangu ule waya wa baharini wa kutoka Tanga 2010 tuna nafuu kubwa, tulokuwepo enzi za jenereta tunajua. Na masomo ya Kiswahili yapo ila ni machache kuliko ya Kiingereza, kwa hiyo video naisimamisha, naeleza kwa Kiswahili, tunaendelea.

Msisubiri tableti za darasa zima, sie tunazo 10 na watoto wanaingia kwa zamu. Programu na masomo ya hesabu ninayo kwenye fleshi, anaetaka aje na yake baada ya alasiri nimpe.