Subaru WRX STI GRB huku Mbeya: uzoefu wa miezi ya mwanzo

Hii ninayoizungumzia ni ile ya milango mitano, GRB, gia sita za mkono, injini EJ207 ya cc 1,994, imetoka Japani ikiwa imetumika. Kiwandani ilitoka na nguvu za farasi 308 kwenye mizunguko 6,400 na torki ya Nm 422 kwenye mizunguko 4,400. Kazi yake kubwa ni Uyole hadi Mbalizi, Tukuyu, na barabara kuu ya Iringa. Kwamba inakimbia kila mtu anajua, kwa hiyo hilo naliacha. Naandika yale ambayo huku juu yanawafanya watu waiite gari ya matatizo wakati mara nyingi tatizo ni kipimo kilichosomwa vibaya.

Chanzo cha yote ni hewa. Mbeya mjini tuko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Chomeka kifaa cha kusoma kompyuta ya gari, fungua swichi bila kuwasha injini, utafute presha ya hewa ya nje: utaona 82 au 83 kPa. Dar es Salaam kifaa hichohicho kinasoma 101. Ukipanda barabara ya Chunya unaiona namba inashuka mbele ya macho yako. Hiyo ni pungufu ya karibu asilimia 18 kwa mjini tu, na gari isiyo na turbo (feni inayosukumia injini hewa ya ziada) inapoteza nguvu karibu kiasi hicho. STI inafidia sehemu kubwa kwa turbo, ila si bure: turbo inalazimika kuzunguka kasi zaidi, hewa inatoka ya moto zaidi, na inachelewa kuamka. Ukiwa umeizoea gari Dar, ukiileta huku utaona uvivu chini ya mizunguko 3,000. Si ugonjwa huo.

Hapo ndipo geji ya turbo inapowapoteza watu. Geji inahesabu presha iliyozidi hewa ya nje. Bar 1 ya Dar ni bar 2 na nukta kwa jumla. Bar 1 ya Mbeya ni 1.83 tu. Sasa mtu anaona gari imepungua, fundi anaangalia, anasema turbo imechoka, tuchezee bomba la westigeti (mlango unaozuia presha ya turbo isizidi) tuongeze presha. Usikubali. Turbo ambayo tayari inazunguka zaidi ya ilivyokuwa ikizunguka pwani unaiongezea tena, na kinachofuata ni bushi za shafti kulegea, oili kupita upande wa hewa, na moshi wa bluu kwenye ekzosi. Kompyuta ya gari inaijua presha ya nje na inapanga yenyewe. Iache.

Kosa la pili la namna hiyo ni kubwa zaidi kwa anayenunua: kipimo cha kompresheni. Mnunuzi makini anamwambia fundi apime kabla ya kutoa hela, na anafanya vizuri. Lakini silinda iliyosoma psi 150 Dar, injini ileile, siku ileile, ikipimwa Mbeya itasoma kwenye 122 hivi, kwa sababu pistoni inabana hewa iliyo pungufu tangu mwanzo. Nimesikia injini nzima zikihukumiwa ovahoo kwa namba hizo. Huku usiangalie ukubwa wa namba peke yake, angalia silinda nne zinavyolingana. Zikipishana chini ya asilimia 10, tulia. Moja ikiwa imeachwa mbali na wenzake, mwagia kijiko cha oili kwenye tundu lake upime tena: namba ikipanda, ringi au pistoni, isipopanda, valvu au gasketi. Na kupima kwenyewe kufanywe injini ikiwa ya moto, plagi zote zimetolewa, umeme wa plagi na wa nozeli umekatwa, pedali ya mafuta imekanyagwa hadi chini, betri ina chaji. Kwenye boksa hii, yaani injini ya silinda zilizolala pande mbili, kufikia plagi kunahitaji kutoa betri upande mmoja na boksi la chujio la hewa upande wa pili, kwa hiyo fundi anayemaliza kwa dakika kumi hajapima silinda zote.

Ukishatoa plagi, tazama matundu yake. Kama kuna oili imesimama humo, sili za kava la valvu zimekauka. Hiyo ndiyo misi (silinda kukosa kuwaka) ya kwanza wanayokutana nayo wengi: gari inamisi asubuhi, watu wananunua koili, kumbe ni sili. Badilisha sili zote za pande mbili kwa pamoja, kwa sababu kazi ni ileile.

Maji nayo. Huku juu maji matupu yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100, wakati injini yenyewe kawaida yake ni kuzunguka kwenye 90. Kinachoyazuia yasichemke ni presha inayotunzwa na mfuniko wa rejeta. Mfuniko uliochoka ukiwa pwani unaweza kukuvumilia. Mbeya hauvumilii, gari inachemsha foleni ya Mafiati bila kuwa na kasoro nyingine yoyote. Mfuniko mpya ni kati ya spea za bei ndogo kwenye gari hii, na mimi ningeubadilisha kabla hata sijaosha gari. Weka kulanti halisi nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa. Ukijaza, jaza polepole na uiache injini inguruma mfuniko ukiwa wazi, hita ikiwa kwenye moto wa juu, mpaka mapovu yaishe. Injini ya kulala kama hii hewa inajificha kwenye vichwa. Hewa ikibaki, mshale wa joto unapanda ghafla, unashuka, unapanda, na fundi anaanza kukutisha na gasketi.

Oili ndiyo inayoua EJ207 kuliko kitu kingine. Inaingia lita nne na ushee, kwa hiyo galoni la lita 5 linakuachia akiba, na akiba hiyo ikae kwenye buti. Wengi tunatumia 5W-40 na kumwaga kila kilomita 5,000. Kijiti chake kinasumbua kusoma: injini ikiwa imetoka kuzimwa oili inapaka pande zote na unaona imejaa wakati haijajaa. Pima asubuhi kabla ya kuwasha, mahali tambarare, chomoa, futa, rudisha, chomoa tena, soma upande ulio chini zaidi. Kati ya alama ya chini na ya juu ni karibu lita moja. Gari hii ikae alama ya juu muda wote, hasa kwa anayekwenda Tukuyu. Kona zile ukizikata kwa kasi oili inalala upande mmoja wa sampu (bakuli la oili chini ya injini), na kama ilikuwa nusu, bomba la kunyonya linapata hewa kwa sekunde moja. Sekunde hiyo inatosha kuumiza bushi za koni rodi, na gari inanoki wiki mbili baadaye ukiwa unaenda sokoni taratibu, unashangaa.

Kuhusu mlio: asubuhi za Juni na Julai, baridi ikiwa imekaza, utasikia tak-tak-tak nyepesi kutoka chini. Ikipungua injini ikipata moto na kupotea kabisa, ni pistoni zinazogonga ukuta kabla hazijatanuka, tabia ya kawaida ya injini za EJ. Unaotakiwa kuuogopa ni mlio mzito wa kugonga unaoongezeka injini ikishapata moto, na unaosikika wazi ukishika mizunguko 2,500 halafu ukaachia mafuta taratibu. Huo ukiusikia kwenye gari unayotaka kununua, rudisha ufunguo. Kukiwa na baridi pia usiamini mshale wa maji: maji yanapata moto mapema, oili inachelewa. Mshale ukishafika katikati, endesha dakika kumi nyingine bila kuiamsha turbo.

Sasa mlima wa Kitonga, ule wa barabara kuu ya Iringa. Watu wanasema Kitonga inaua Subaru kwa sababu ya mbio. Mbio gani, mtu yuko nyuma ya semitrela kwenye kilomita 15 kwa saa? Kinachoua ni gia kubwa. Dereva yuko gia ya nne au ya tano, mizunguko 1,800, anaona upenyo, anakanyaga mpaka chini. Turbo inasukuma, injini iko chini, moto unawaka kabla ya wakati ndani ya silinda. Kwenye kupanda kaa gia ya pili au ya tatu, mizunguko kati ya 2,500 na 3,500, mguu mwepesi, na ukitaka kupita shusha gia kwanza. Pia kumbuka intakula (kipoza hewa inayotoka kwenye turbo) ya gari hii imelala juu ya injini, inapozwa na upepo wa lile tundu la boneti. Nyuma ya lori hakuna upepo, kwa hiyo inageuka jiko. Kompyuta inajihami kwa kurudisha nyuma taimingi (wakati wa plagi kuwasha moto), ndiyo maana gari inakuwa nzito ukifika kona za juu. Ukipata barabara tupu dakika chache inarudi yenyewe. Ukisimama Ilula kununua nyanya, iache ingurume dakika moja au mbili kabla ya kuzima, ili oili isiungulie kwenye turbo.

Petroli: injini hii ilipangwa kwa mafuta ya Japani ya oktani ya juu, yaani yanayostahimili kubanwa bila kuwaka kabla ya wakati. Kuna msemo kwamba ukiwa mlimani oktani ndogo inatosha. Kwa Vitz isiyo na turbo ni kweli, maana silinda inabana hewa pungufu. Kwa turbo si kweli, kwa sababu turbo inairudisha ile presha iliyopungua, tena ikiwa na moto zaidi. Programu za simu zinazosoma kompyuta za Subaru zinaonyesha namba inayoitwa IAM, ikiwa 1.0 gari imeyakubali mafuta, ikishuka chini ya hapo gari inajihami. Chagua kituo kwa namba hiyo badala ya maneno ya watu, na ukiikuta imeshuka, kanyaga kwa adabu mpaka tenki liishe. Matumizi yangu barabara kuu ni kilomita 8 hadi 9 kwa lita nikiwa kwenye hali ya I, ile ya upole, ya SI-Drive (swichi ya kuchagua ukali wa injini). Iringa hadi Mbeya, kilomita 330 hivi, ni kama lita 40, na tenki ni la lita 60. Mjini usiulize.

Tairi ni 245/40R18, na hapa wanaotoka kwenye gari za kawaida wanajikwaa. Gari inasukuma magurudumu yote manne kupitia difu ya kati (gia inayogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma). Tairi moja ikipasuka kwenye shimo la Igawa huwezi kununua moja mpya ukachanganya na tatu zilizolika. Mzingo wa tairi usipishane zaidi ya milimita 6, ambazo ni sawa na milimita moja ya kina cha kashata (meno ya tairi). Zungushia utepe wa fundi cherehani kila tairi uandike namba. Zikipishana sana, difu inafanya kazi muda wote hata barabara iliyonyooka, na itakulipisha. Nunua nne, au tafuta mtumba wa kina kilekile.

Breki za Brembo, diski za mbele milimita 326, sina neno nazo. Kuteremka Iwambi au Senjele tumia gia, na badilisha mafuta ya breki kila miaka miwili.

Madogo madogo: bampa la mbele linagusa matuta ya vijijini hata ukiwa taratibu, yapande kwa ulalo. Redio ya Japani inaanzia FM 76 na kuishia 90, bila kifaa cha kuongeza masafa stesheni nyingi za huku huzipati. Ule mlio wa kubwabwaja wa Subaru za zamani hautausikia, kwa sababu mabomba ya ekzosi ya EJ207 hii yana urefu sawa. Wapo wanaoyabadilisha ili tu wapate mlio, na wanapoteza uharaka wa turbo ambao huku juu tayari ni haba. Na ukivuka kijijini, 50 ni 50. Tochi inaipenda sana rangi hii ya bluu ya gari yangu, na faini ni shilingi 30,000.

Kwa anayeagiza sasa: ile yenye gia otomatiki, A-Line, ni cc 2,457, inaangukia ushuru wa bidhaa wa asilimia 10 badala ya 5, na pistoni zake ni dhaifu kuliko za EJ207. Zote zimeshapita miaka kumi, kwa hiyo tozo ya uchakavu ipo. Piga hesabu kwenye kikokotoo cha TRA kabla ya kulipa. Ikifika bila ushahidi wa belti ya taimingi kubadilishwa, usisubiri ifike kilomita 100,000 za dashibodi. Weka belti, roli zote, tensheni na pampu ya maji kwa mkupuo mmoja, maana belti ikikatika kwenye injini hii valvu zinakutana na pistoni.