JKCI Muhimbili: mzee wangu tulimpa dawa za vidonda vya tumbo wiki sita kumbe ni moyo

Wadau habari zenu. Naandika kuhusu Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete (JKCI), ile iliyopo eneo la Muhimbili pale Upanga, maana kuna mtu anasoma hapa na baba yake ana hali kama aliyokuwa nayo wangu.

Mzee ana miaka 61, fundi nguo Kariakoo, ofisi yao iko ghorofa ya tatu na lifti hakuna. Ana kisukari, sigara kavuta tangu ujana. Basi ikawa akipanda ngazi anasimama katikati, anasema kifua kinabana kama mtu kamkalia, akipumzika dakika tano kinaachia. Siku nyingine kifua hakimsumbui kabisa, anashika taya au anasema mkono wa kushoto mzito. Tukampeleka zahanati moja huku Mbagala wakasema vidonda vya tumbo, hata presha hawakumpima, akanywa dawa wiki sita. Hilo linaniuma mpaka leo, maana vidonda gani vinauma ukipanda ngazi na kuacha ukisimama?

JKCI walimpokea vizuri mno, "shikamoo baba, kaa hapa", wakamsikiliza mpaka mwisho bila kumkatisha. ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo, ya kulala kitandani ilitoka karibu kawaida, mimi nikadhani ndo basi tunarudishwa nyumbani, ila daktari akasema aliyeelezea hivi haachwi kwa ECG moja, wakampima damu, wakafanya eko, yaani ultrasound ya moyo, halafu wakampandisha kwenye mashine ya kutembelea huku wanasoma moyo, hakumaliza hata dakika tano mistari ikabadilika na kifua kikaanza.

Nilichopenda zaidi daktari alichukua karatasi akamchorea. Akamwambia mzee wangu, moyo unasukuma damu mwili mzima ila wenyewe unalishwa na mishipa yake midogo inayouzunguka, mafuta yakijijenga ukutani njia inakuwa nyembamba, ukikaa damu inatosha, ukipanda ngazi moyo unataka nyingi haupati, ndo unalia. Hatari kubwa ni yale mafuta yakipasuka, damu inaganda hapohapo na mshipa unaziba wote, nyama ya moyo inaanza kufa. Kwa hiyo kifua kikibana umekaa tu na hakiachii, jasho la baridi, kichefuchefu, usisubiri asubuhi, hospitali usiku huohuo. Na wenye kisukari wengine hawasikii maumivu kabisa, wanachoka na kukosa pumzi tu.

Akapelekwa Kathlabu, chumba cha kuangalia na kuzibua mishipa ya moyo. Walipitisha mrija mwembamba mkononi, pale unapopimia mapigo, wakamwaga dawa ya rangi na mishipa ikaonekana kwenye skrini, mmoja umeziba karibu wote. Wakapanua kwa kibaluni wakaweka stenti, kile kijineti cha chuma kinachoshikilia mshipa ubaki wazi. Mzee alikuwa macho muda wote anaongea nao! Kesho yake tukaondoka. Jirani yake wodini mishipa mitatu ilikuwa na shida, yeye alipangiwa baipasi, wanachukua mshipa mguuni wanaupandikiza kwenye moyo. Aisee zamani kwa vitu hivi watu walikuwa wanasafirishwa India, taasisi yenyewe imeanza 2015 tu.

Gharama sitaji, inategemea bima na stenti ngapi, omba mchanganuo kabla. Beba dawa zote anazotumia na vipimo vya zamani, vilitusaidia sana.

Nesi mmoja alitukalisha karibu nusu saa kwa ajili ya dawa peke yake. Aspirini na klopidogreli, zile za kuzuia damu isigande, asiache hata siku moja bila daktari kusema, hata akijisikia mzima kabisa, maana damu inaweza kuganda ndani ya stenti. Statini, dawa ya kushusha mafuta kwenye damu, kila usiku, sukari na presha vidhibitiwe, sigara basi. Mama kabandika ratiba ya dawa mlangoni mwa kabati, na mzee wiki iliyopita kapanda ngazi zote tatu bila kusimama, akanipigia simu akiwa juu kuniambia.