TAHADHARI: moteri za mbio "zilizofungwa tayari" zenye mihuri ya rangi, hapa Lubumbashi

Ndugu zetu wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi. Mtu akikuuzia moteri ya mbio "iliyofungwa tayari, ni kuweka tu", tazama kwanza boluti za karteri (bakuli la wile, yaani oili, chini ya moteri) na za kilasi (kichwa cha moteri kinachofunika silinda). Ukikuta kila moja ina tone la rangi, na muuzaji anasema "ukivunja muhuri, garanti imekufa", usilipe. Hata akonti ndogo (malipo ya mwanzo) kwa M-Pesa usitume. Rangi ile haiilindi moteri. Inamlinda yeye, kwa sababu anachokuuzia kiko ndani, na ndani ndiko asikotaka ufike.

Biashara inakwenda hivi. Zinakuja picha: bloki ina rangi mpya, kifuniko cha supapi (valvu) kinang'aa, turbo kubwa iko pembeni. Inafuata video fupi, moteri inaunguruma juu ya stendi. Inafuata karatasi ya kipimo cha nguvu. Mwisho unaambiwa mzigo uko mpakani Kasumbalesa, umebaki duane (forodha) tu, tuma nusu leo maana kuna mteja mwingine anasubiri.

Video haithibitishi kitu. Moteri yenye kusine (vyuma laini ambamo shafti inazungukia) zilizokwisha ukiijaza wile nzito ya 20W-50 pamoja na dawa ya kuizidishia uzito, itanyamaza dakika kadhaa. Omba iwashwe mbele yako asubuhi ikiwa baridi kabisa, na uishike bloki kwa mkono kabla haijawashwa. Ikipata moto, fungeni geji ya presha ya wile. Mafundi wengi wanahesabu karibu bari 0.7 kwa kila mizunguko 1,000. Ikiwa kwenye mizunguko 3,000 wile ya moto haifiki bari 2, ama kusine zimelegea, ama pompi ya wile imechoka.

Karatasi ya nguvu unaweza kuikagua mwenyewe kwa kalkuleta ya simu. Chukua torki (nguvu ya kuzungusha) kwa Nm, zidisha kwa mizunguko, gawa kwa 7,023. Jibu ni nguvu farasi. Karatasi inayodai farasi 400 kwenye mizunguko 6,000, na palepale ikaonyesha Nm 350, imejisema yenyewe: 350 mara 6,000 ni 2,100,000, ukigawa unapata 299. Farasi mia moja wameongezwa kwa kalamu. Tena kumbuka mji wetu uko karibu mita 1,200 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, na moteri isiyo na turbo inapoteza hapa zaidi ya sehemu moja ya kumi ya nguvu iliyopimwa pwani.

Mfano ulio wazi ni moteri ya Toyota 2JZ. Kuna 2JZ-GE isiyo na turbo na 2JZ-GTE yenye turbo mbili kutoka kiwandani. Zote ni sentimita za ujazo 2,997, silinda mm 86 na mwendo wa pistoni mm 86, kwa hiyo ukitazama kwa nje, turbo ikishafungwa juu ya GE, jicho linadanganyika. Ndani hazifanani. GTE inabana hewa 8.5 kwa 1, GE inabana 10 kwa 1 au zaidi. GTE ina vibomba vinavyorusha wile chini ya pistoni ili zipoe. Karteri ikishuka unavitafuta kwa tochi na kioo kidogo. GE inaweza kuvumilia turbo ya presha ndogo ikiwekewa programu nzuri. Lakini aliyeinunua akidhani ni GTE ataipa presha ya GTE, petroli italipuka kabla ya wakati wake, na kingo za pistoni zinazoshika segma (ringi za pistoni) zitavunjika. Bei iliyolipwa ilikuwa ya GTE.

Neno jingine linalouza sana ni "pistoni za kufuliwa", yaani zilizogongwa kwa presha kubwa, si za kusubu (kumiminwa kwenye kalibu). Pistoni ya kufuliwa ya aloi ya 2618 hutanuka zaidi ya ile ya kusubu, ndiyo maana inahitaji nafasi kubwa kati yake na ukuta wa silinda: kwa silinda ya mm 86 yenye turbo ni karibu mm 0.08 hadi 0.10, wakati ya kusubu inatosheka na 0.02 hadi 0.05. Karatasi ya mtengenezaji wa pistoni ndiyo sheria. Sasa muulize muuzaji: ameacha nafasi gani, silinda kwa silinda? Akisema "0.03, imebana vizuri", moja kati ya mawili: pistoni si za kufuliwa, au ni za kufuliwa na zitakwama moteri ikipata moto. Asiye na namba hizo hakupima.

Muulize pia nafasi ya segma ya juu, yaani mwanya kati ya ncha zake mbili. Kwa turbo ya barabarani wengi wanachukua upana wa silinda mara 0.005, mm 86 inatoa 0.43. Nafasi ikiwa ndogo mno, ncha za segma zinagusana kwenye joto, segma inakwaruza ukuta au inavunja pistoni. Kwenye kusine, hesabu ya kuanzia ni sehemu moja ya elfu ya upana wa shingo ya vilebrekeni (shafti kuu inayozungushwa na pistoni): shingo ya mm 55, nafasi ya karibu 0.055.

Kupima mgandamizo kunasaidia, ila usome geji kwa akili. Moteri iwe moto, buji (plagi) zote zitolewe, pedali ikanyagwe mpaka chini, betri iwe na nguvu. Moteri inayoandika bari 12 pale Dar es Salaam, hapa itaandika karibu 10.4. Muuzaji akikuambia "namba iko chini sababu ya urefu wa mji", anaweza kuwa na haki, na kamshafti za mbio, zinazoacha supapi wazi muda mrefu, nazo zinaishusha. Ila urefu wa mji unashusha silinda zote sawasawa. Silinda moja ikiachana na wenzake kwa zaidi ya bari 1, hiyo ni ya moteri yenyewe.

Kwa hiyo malizia na kipimo cha uvujaji: hewa ya kompresa inaingizwa kwa tundu la buji, pistoni ikiwa juu na supapi zimefungwa. Hewa inayovuja ikiwa chini ya asilimia 10 ni nzuri, juu ya 20 kataa. Halafu sikiliza hewa inatokea wapi. Kwenye tundu la kujazia wile, ni segma. Kwenye egzosi au njia ya hewa, ni supapi. Mapovu kwenye radieta, ni jointi ya kilasi (gasketi), au kilasi yenyewe imepinda au kupasuka.

Si kila moteri iliyofungwa tayari ni ya kukimbiwa. Muuzaji wa kweli anakupa karatasi yenye vipimo vya kila silinda na kila shingo, fakitire za piyese (risiti za vipuri), na anakubali karteri ishushwe na kofia moja ya bieli (mkono unaounganisha pistoni na vilebrekeni) ifunguliwe mbele ya fundi wako. Huyo mlipe bei yake, kazi yake ni ghali kwa haki.

Akikataa, funga yako. Mji huu una matornere (mafundi wa kuchonga chuma kwa mashine) waliokomaa kwa kazi za migodi, wanaoshika palmeri (mikromita) kila siku. Fuata mpangilio huu: bloki ipimwe kwanza, halafu nunua pistoni, halafu ndipo silinda zichongwe kufuata pistoni ulizo nazo mkononi. Wengi wanachonga kwanza, pistoni zikifika hazikubali. Silinda zikisuguliwa mara ya mwisho, bamba zito likazwe juu ya bloki mahali pa kilasi, kwa sababu boluti zikikazwa silinda zinapinda kidogo. Kisha osha bloki kwa maji ya moto, sabuni na burashi, si petroli peke yake. Pitisha kitambaa cheupe mpaka kitoke cheupe, na paka wile hapohapo kabla kutu haijashika. Vumbi la kusugulia likibaki, linakula segma na kusine mpya.

Kwa yule ambaye ameshalipa na moteri iko uani: usiiwashe. Muite muuzaji na mashahidi wawili, rekodi video bila kukata kuanzia muhuri wa kwanza unapovunjwa, tornere apime, aandike namba kwenye karatasi na kusaini, pamoja na namba iliyogongwa kwenye bloki. Ujumbe wa simu na risiti za malipo usifute. Ukiiwasha hata dakika tano, atasema umeiharibu wewe.